Kama Awali

Wiki tatu baada ya kustaafu, makarani wawili vijana walioachiwa meza yangu walinifuata nyumbani kwangu Kanyenye, hapa Tabora. Nilidhani wametumwa kuulizia ufunguo wa kabati la tatu, ambao kweli niliondoka nao mfukoni. Kumbe walitaka niwaandikie ninayoyajua kuhusu kazi ya masjala ya rufaa. Niliwapa ufunguo wao, nikawaambia kwamba ninayoyajua si mengi, na yaliyo ya maana nimeyajua kwa kukosea. Wakasema basi niandike hayo hayo. Vyeo sitaviandika, vimo kwenye faili langu na havijawahi kumsaidia mtu.

Niliingia kazini miaka michache baada ya uhuru, nikiwa na cheti cha kupiga taipu na viatu vya kaka yangu vilivyonibana kutwa nzima. Masjala ilikuwa chumba cha nyuma ya mahakama ya jaji, chenye dirisha moja na majalada yaliyopangwa hadi darini. Kilinuka vumbi, gundi na mavi ya popo. Karani mkuu alikuwa Mzee Seif, mtu mwembamba, mpole wa sauti, wa ukoo wa Kiarabu wa pale pale Tabora. Babu yake alifika na misafara kutoka pwani, akafungua duka, na ndugu zake wote walibaki dukani. Yeye peke yake alishika kalamu, na nadhani ndugu zake walimwonea huruma kwa hilo.

Nilitarajia anionyeshe mashine ya taipu. Akanipa sindano ya kushonea magunia na kibunda cha uzi. Kwa wiki mbili nilishona majalada tu: natoboa matundu matatu pembeni, napitisha uzi, nafunga fundo, nampelekea. Akiona fundo limelegea alilikata kwa wembe bila kusema neno na kunirudishia. Nilipomuuliza nitaanza kazi lini, alisema nimekwisha ianza, kwa sababu karatasi moja ikichomoka kwenye jalada, mtu anaweza kufia gerezani kwa ajili ya karatasi hiyo. Nilidhani anatia chumvi. Nilikuwa kijana, na kijana akiambiwa jambo zito huona mzee anajikweza.

Jambo la pili alilonifundisha ni kwamba majaji wa rufaa hawamwoni mtu. Shahidi anapotokwa jasho kizimbani, anayeliona ni hakimu au jaji wa mwanzo. Wale wa rufaa wanaletewa karatasi. Wala hawaanzi kesi upya kuuliza nani aliiba au nani aliua. Wanauliza kama yule aliyetiwa hatiani alitiwa hatiani kwa njia iliyo sawa. Watu wengi wa mtaani hawakulielewa hilo, na hata mimi lilinichukua muda. Walikuja pale dirishani wakitaka kunisimulia kesi yao tangu mwanzo, na mimi nikawa nawaambia kwamba kama jambo halimo kwenye mwenendo wa kesi, yaani yale jaji aliyoyaandika kikaoni, ni kama halikutokea. Nilikuwa nalisema kwa majivuno kidogo. Sasa ninaona haya.

Makosa yenyewe hayakosekani. Sijawahi kushona jalada lisilo na kosa. Palikuwa na hati ya mashtaka iliyomtaja ng'ombe mwekundu, mashahidi wote wakasema mweusi, na rufaa ikatupwa, kwa kuwa mwenye ng'ombe alimtambua na rangi haikumdhuru mtu. Palikuwa na mfungwa aliyeiba baiskeli, ambaye hati yake ya rufaa ililalamikia mbuzi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kule gerezani kulikuwa na mwandishi mmoja mwenye mwandiko mzuri, na alikuwa anawaandikia wenzake wote sababu zile zile. Lakini palikuwa pia na hakimu aliyembadili mwenzake katikati ya kesi, akahukumu bila kumwambia mshtakiwa kwamba ana haki ya kuwaita tena mashahidi waliokwisha kusema. Majaji waliifuta ile hukumu kwa aya moja. Mzee Seif aliniita nije niisome. Alisema kosa dogo ni lile unaloweza kuliondoa na hukumu ikabaki imesimama. Kosa kubwa ukiliondoa, nyumba nzima inaporomoka.

Nilipopewa mashine hatimaye, nilijifunza kwamba adui wa karani ni karatasi. Kila mwenendo ulipigwa nakala sita kwa mkupuo mmoja, karatasi sita na kaboni tano, na ilibidi kugonga herufi kwa nguvu hadi vidole viume. Nakala ya sita ilikuwa hafifu kiasi kwamba tulimtakia heri atakayeisoma. Karatasi zililetwa kwa treni kutoka Dar es Salaam, na zikichelewa tulingoja. Ndiyo maana masjala yetu ilikuwa na njia zake za kubana, na njia kuu ilikuwa hii. Kila asubuhi kesi inapoendelea, jaji huandika kwanza waliohudhuria: yeye mwenyewe, mwendesha mashtaka, wakili wa utetezi, mshtakiwa, mkalimani, na wale wazee watatu wa baraza wanaokaa pembeni yake kusikiliza na kumpa maoni yao mwishoni. Ni mistari saba au minane. Sisi tuliipiga taipu siku ya kwanza tu. Kuanzia siku ya pili tuliandika maneno mawili: kama awali. Nilifundishwa hivyo na Mzee Seif, naye alifundishwa na waliomtangulia. Hakuna aliyetuagiza na hakuna aliyetukataza.

Kesi ninayotaka kuisimulia ilikuja miaka ya vijiji vya ujamaa. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka porini na kukusanywa kandokando ya barabara na reli, na makazi yao ya zamani yakabaki mahame. Lakini mizinga ya nyuki haihamishwi kwa lori. Ilibaki imening'inia kwenye miti kule kule, na wenyewe wakawa wanairudia kwa miguu msimu wa asali. Upande wa Tura, karibu na ile njia ya zamani ya misafara, kulikuwa na hame moja ambalo watu wawili walikuwa na mizinga iliyopakana. Mmoja aliitwa Shija, mwingine Mihayo. Walikuwa majirani tangu utoto, na walikwisha kugombana kwenye pombe juu ya mzinga mmoja ambao kila mtu alisema aliutundika yeye. Mihayo alisikiwa na watu akisema kwamba msimu huu ataona nani atakayekula asali.

Shija alikutwa amekufa chini ya mti wa mizinga, amekatwa shoka shingoni. Wenzake walikuwa wamemwacha mzima asubuhi, na jioni walimkuta vile. Shoka lilikuwa hapo chini, na lilikuwa la Mihayo. Yeye alisema alilisahau mtini safari iliyopita, na kwamba siku hiyo kutwa nzima alikuwa stesheni ya Tura, mwendo wa nusu siku kutoka pale. Hakuna aliyemwamini sana. Hata mimi sikumwamini.

Kikao cha jaji kilifanyika katika boma moja la wilaya ambalo sitalitaja, kwa kuwa jengo halina kosa. Nilikwenda kama karani na mkalimani. Kazi yangu ilikuwa kupanga ukumbi asubuhi, kuita majina, na kutafsiri Kinyamwezi. Wazee wa baraza walikuwa watatu, na mkubwa wao aliitwa Mzee Maganga, mkulima wa kijiji cha jirani aliyekwisha kukaa kwenye kesi nyingi. Huyu hakusinzia kamwe, jambo ambalo siwezi kulisema kwa wazee wote niliowapangia viti. Akitaka kumuuliza shahidi swali, liliniwia tabu kulitafsiri bila shahidi kuanza kutetemeka.

Siku mbili za kwanza zilikuwa za upande wa mashtaka: pombe, maneno ya Mihayo, shoka. Mama yake Shija, Bi. Kalunde, alitoa ushahidi amesimama wima, akakataa kiti. Asubuhi ya siku ya tatu mtu mmoja alifika na baiskeli kuleta habari kwamba dada yake Mzee Maganga amefariki na anazikwa siku hiyo hiyo. Mzee aliomba ruhusa, jaji akampa. Sheria iliruhusu kesi iendelee na wazee wawili waliobaki, na jaji aliwauliza mawakili wa pande zote, wakasema hawana pingamizi. Akaandika hivyo kwenye daftari lake. Mimi nilikichukua kiti cha Mzee Maganga nikakisogeza ukutani, maana kiti kitupu mbele ya watu hakipendezi.

Siku hiyo ndiyo Mihayo alijitetea, na baada yake alikuja shahidi wake pekee, mama mmoja aliyeitwa Nyamizi. Aliuza mayai na karanga kwa abiria pale Tura. Alisema Mihayo alifika kwake alfajiri na madebe mawili ya asali, akayanunua yeye, na kwamba Mihayo alibaki stesheni hadi jioni kwa kuwa siku hiyo behewa lilileta mabati ya ghala la kijiji na alipewa kazi ya kushusha. Mwendesha mashtaka alimuuliza tarehe. Akasema hajui tarehe, anajua siku ya mabati. Akaulizwa kama anajua kusoma. Akasema hajui. Akaulizwa ataijuaje siku bila kusoma. Akajibu kwamba abiria wanaojua kusoma ndio wanaoachwa na treni, yeye hajaachwa hata siku moja. Watu walicheka, na jaji akaandika. Aliongea kwa utulivu, na kwa mara ya kwanza nilianza kuwaza kwamba huenda Mihayo alisema kweli.

Siku ya nne niliwahi kwenda kupanga ukumbi. Nilipogeuka nilimwona Mzee Maganga amesimama mlangoni, kofia mkononi, vumbi limempanda hadi magotini, macho mekundu. Nilimwamkia, nikampa pole.

"Nimekwisha zika," alisema. "Nimekuja kumaliza kazi ya watu."

Aliacha matanga siku ya pili tu ili asituangushe. Kwetu mtu aliyetoka kuzika hasimamishwi mlangoni. Nilikiendea kile kiti ukutani, nikakifuta kwa mkono wa shati, nikakirudisha mahali pake, naye akakaa. Jaji alipoingia alimwona, akanitaka nimfikishie pole zake. Mwendesha mashtaka alisimama, akampa pole. Wakili wa Mihayo naye alisimama, akampa pole. Mihayo mwenyewe, kizimbani, aliinamisha kichwa. Kisha kesi ikaendelea. Jaji aliwafupishia wazee ushahidi wote. Ule wa Nyamizi ulichukua sentensi nne. Halafu kila mzee akatoa maoni yake. Wa kwanza alisema Mihayo hana hatia, kwa kuwa yule mama hakuwa na sababu ya kusema uongo. Wa pili alisema ana hatia, kwa ajili ya shoka. Wa tatu, Mzee Maganga, alifikiri kwa muda mrefu, akasema ana hatia. Jaji hafungwi na maoni ya wazee, lakini aliandika kwamba anakubaliana na wawili kati ya watatu. Hukumu ilikuwa kunyongwa.

Ni mimi niliyemtafsiria. Sitaandika niliyasemaje yale maneno. Mihayo alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza mimi, si jaji, kwa Kinyamwezi na kwa sauti ya chini, "Yule mama wa Tura, walimsikia?"

"Wote wamemsikia," nilimjibu.

Nilisema hivyo ili apoe. Sikufikiri hata kidogo.

Miezi ikapita. Hati yake ya rufaa ilifika kutoka gerezani, na safari hii yule mwandishi wa mwandiko mzuri hakuwa na la kunakili. Ilikuwa na sentensi moja: sikuua, na nilikuwa Tura. Kesi ya kunyongwa haina mzaha, kwa hiyo niliacha kila kitu nikaanza kupiga taipu mwenendo wake kutoka kwenye daftari la jaji. Nilimaliza kurasa mia moja na kitu kwa siku kumi na mbili. Nilijipongeza.

Kabla mwenendo haujatiwa sahihi kulikuwa na kulinganisha. Mmoja anasoma kwa sauti maandishi ya jaji, mwingine anafuata kwenye nakala kwa rula, mstari kwa mstari. Mzee Seif alisoma, mimi nikashika rula. Alikuwa na desturi ya kusoma kila kitu, hata tarehe, hata yale ambayo sote tulijua hatukuyapiga. Tulifika siku ya tatu. Akasoma kwamba wazee wawili wa baraza wapo, wa tatu yuko msibani, pande zote hazina pingamizi. Kwenye nakala yangu palikuwa na maneno mawili. Akaendelea, akasoma ushahidi wa Nyamizi wote. Akafika siku ya nne. Akasoma kwamba wazee wote watatu wapo. Hapo akaweka kidole kwenye daftari.

"Umeandika nini hapa, Mathayo?"

"Kama awali, Mzee."

"Ilikuwa kama awali?"

Nilikuwa nakiona kile kiti. Nilikuwa nayasikia maneno niliyomwambia Mihayo, kwamba wote wamemsikia, na nikajua kwamba sivyo. Walimsikia wawili, na wa tatu, ambaye neno lake ndilo lililozidisha upande mmoja, alikuwa anafukia kaburi la dada yake saa ile ile Nyamizi alipokuwa anasema. Mzee wa baraza akikosa sehemu ya ushahidi, kesi inaweza kuendelea bila yeye, ila yeye harudi tena. Atatoaje maoni juu ya asichokisikia? Nilikwisha kuisoma kanuni hiyo kwenye hukumu zaidi ya moja. Niliijua. Na bado nilikifuta kiti kwa shati langu mwenyewe.

Nataka vijana mnielewe hapo. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lile kosa lisingeonekana kamwe. Wakili wa rufaa angekuwa mwingine, ambaye hakuwepo kwenye kikao, angesoma nakala yangu, na nakala yangu ilisema kila siku ilikuwa kama ya kwanza. Majaji wangesoma hivyo hivyo. Mihayo angenyongwa kwa maneno mawili niliyoyapiga ili kubana karatasi. Nilishikwa na hofu ambayo sijawahi kuipata kazini kabla wala baada ya hapo, na sehemu ya hofu hiyo, niseme kweli, ilikuwa ya kujihofia mwenyewe. Nilikuwa na watoto watatu. Nilimuuliza Mzee Seif kama itabidi niandike barua ya kujieleza.

Alisema hapana. Alisema nipige upya kurasa za siku ile ya tatu na ya nne kama jaji alivyoandika, nisiongeze neno na nisipunguze. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alisema hayo maneno mawili alinifundisha yeye, na ameyaandika kwenye majalada mengi kuliko anavyoweza kukumbuka. Kwa siku kadhaa baadaye nilimkuta ameshusha majalada ya zamani, ameyafungua mezani, anasoma asubuhi za watu waliokwisha kuhukumiwa. Sikumuuliza amekuta nini.

Nilizipeleka zile kurasa mpya kwa jaji, kwa kuwa sikutaka azione kwanza mikononi mwa wengine. Alikuwa mtu mwema. Mimi sijawahi kumsikia akimfokea mshtakiwa. Alisoma, akarudi nyuma, akasoma tena. Nilitegemea aulize kwa nini safari hii tumeandika mahudhurio kwa urefu. Badala yake akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Nilimpa pole." Akanirudishia kurasa, akaniambia zibaki zilivyo.

Hukumu ya rufaa ilikuja imeandikwa kwa kurasa tatu tu. Majaji walisema mzee wa baraza aliyekosa ushahidi wa siku nzima hakupaswa kurudi, kwamba ushahidi alioukosa ulikuwa ndio utetezi wote, na kwamba kosa hilo haliwezi kuachwa kwa kusema halikumdhuru mtu. Waliifuta hukumu. Lakini hawakusema Mihayo hana hatia. Waliagiza kesi isikilizwe upya mbele ya jaji mwingine na wazee wengine.

Bi. Kalunde alikuja dirishani wiki iliyofuata. Alikuwa ametembea hadi Tura na kupanda treni. Mtu alimwambia kwamba aliyemuua mwanawe ameachiwa, nikamweleza kwamba hajaachiwa, kesi itaanza tena, na itabidi aseme tena yote aliyoyasema. Aliniuliza sababu. Ningeweza kumtajia kifungu cha sheria, na wengi dirishani pale niliwatajia vifungu ili waondoke. Huyu nilishindwa. Nilimweleza habari ya msiba na ya kiti.

"Nani alikirudisha?" aliuliza.

"Mimi, mama."

Alinitazama. Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu. Alisema yeye angemrudishia kiti pia, kisha akaniuliza basi anayepaswa kulaumiwa ni nani, kwa maana yeye ana mtoto aliyekatwa shoka na lazima mtu amlaumu. Nilimtafutia maji ya kunywa. Aliyakataa kama alivyokataa kiti.

Kesi ya pili ilisikilizwa mwaka uliofuata. Wakili mpya alikuwa kijana mwenye bidii, akamsikia Nyamizi akitaja mabati, akaenda stesheni kuomba daftari la mizigo. Hakuna aliyefikiri kufanya hivyo mara ya kwanza. Daftari lilionyesha siku mabati yaliposhushwa, na ilikuwa ile ile siku ya kifo cha Shija. Mle pembeni, pamoja na majina ya washushaji wengine, palikuwa na alama ya dole gumba na jina la Mihayo. Nyamizi aliposimama kizimbani, mwendesha mashtaka hakumuuliza kama anajua kusoma. Wazee wote watatu walisema hana hatia, na jaji akamwachia. Mihayo aliteremka kizimbani polepole, akauliza kama anaweza kupewa shoka lake. Nilimjibu kwamba ni kielelezo na haliwezi kutolewa. Akasema hata hivyo hakulitaka, ameuliza tu.

Bi. Kalunde alibaki amekaa benchini hadi watu walipokwisha ukumbini. Aliyemuua Shija hakupatikana. Jalada la polisi lilifungwa bila jina, na kila nilipomwona mama huyo sokoni Tabora miaka iliyofuata nilimwamkia, naye alinijibu, na hatukuongea zaidi.

Nilipotoka nje siku ile nilimkuta Mzee Maganga kwenye ngazi. Sikujua kwamba alikuwa ndani. Alikuwa amekaa benchi la nyuma kabisa siku zote, pamoja na wasikilizaji, wala hakuitwa na mtu. Nilimwamkia. Aliniitikia, akaniuliza kama yule mama wa Tura alisema maneno yale yale mara ya kwanza. Nikamwambia ni yale yale, isipokuwa daftari. Alitikisa kichwa. Alikuwa amezeeka sana kwa mwaka ule mmoja.

"Mimi nisingehitaji daftari," alisema. "Ningemsikia tu yule mama, nisingesema nilivyosema."

Tulisimama pale tukiwaangalia watu wakitawanyika. Kisha akaniambia, bila hasira yoyote, "Ungeniacha nimesimama mlangoni, mwanangu."

Nimeandika mahudhurio ya kila asubuhi kwa majina kamili tangu mwaka ule hadi nilipokabidhi meza, na nawaomba ninyi mliobaki mfanye vivyo hivyo hata karatasi zikiwa za kuazima. Lakini siku ile Mzee Maganga nilimjibu kweli. Nilimwambia nisingeweza kumwacha mlangoni.

"Najua," akasema. "Jaji naye asingeweza, na mimi nisingeondoka. Ikabidi karatasi ndiyo inikatae."